Si Kila Kosa Mtamboni ni la Mwenye Zamu

Aghalabu mtambo wa umeme unapoharibika, maelezo ya kwanza kutolewa huwa ni maneno matatu: kosa la binadamu. Maneno hayo yakishaandikwa, uchunguzi hufungwa, aliyekuwa zamu huachishwa kazi, na wenzake hurudi kwenye mitambo ile ile. Mimi ni mtu wa isimu wala si mhandisi, lakini nina shaka kubwa na kirai hicho.

Na tutazame yaliyotokea Three Mile Island, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Tarehe 28 Machi 1979, yapata saa kumi alfajiri, pampu za maji za kinu cha pili cha nyuklia zilisimama. Vali ya kupunguzia shinikizo ikafunguka kama ilivyokusudiwa, kisha ikakwama badala ya kujifunga. Katika chumba cha kudhibitia mitambo, taa ya vali hiyo ilizimika. Waliokuwa zamu wakaelewa kwamba vali imefungwa. Kumbe taa haikuonyesha hali ya vali yenyewe, bali umeme uliopelekwa kuiendesha. Ilichosema hasa ni kwamba vali imeamriwa ifungwe.

Mwanafunzi yeyote wa sarufi anajua kuwa "imefungwa" si sawa na "imeamriwa ifungwe". Kwa sababu ya tofauti hiyo, maji ya kupozea kinu yalivuja kwa zaidi ya saa mbili. Kipimo kingine kiliwaonyesha kuwa maji yamejaa, nao wakapunguza maji ya dharura wakidhani wanauokoa mtambo. Ving'ora zaidi ya mia moja vililia katika dakika za kwanza, kikubwa na kidogo pamoja, hata ikawa vigumu kujua kipi kisikilizwe. Takribani nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

La kusikitisha zaidi ni kwamba vali ya aina hiyo ilikuwa imekwama vivyo hivyo katika kituo cha Davis-Besse, Ohio, Septemba 1977. Mhandisi wa kampuni iliyounda vinu hivyo aliandika waraka wa kuonya. Waraka ukazunguka ofisini, lakini waendesha mitambo wa Three Mile Island hawakuupata. Tume ya Rais iliyoongozwa na John Kemeny, katika ripoti yake ya Oktoba 1979, ilikiri kwamba waendesha mitambo walikosea. Lakini ilitaja pia mafunzo hafifu, maagizo ya kutatanisha na chumba kilichopangwa vibaya.

Simtetei mzembe. Anayelala zamuni ana lake la kujibu. Hata hivyo, aliyeandika maagizo yasiyoeleweka naye yumo katika ajali, ijapokuwa usiku huo alikuwa kwake kitandani.

Hapa kwetu umeme mwingi hutokana na mvuke wa Olkaria na mabwawa ya Mto Tana. Hatari zake si za nyuklia, lakini mvuke wenye shinikizo haumsamehe aliyesoma vibaya. Nasi walimu tunafundisha uandishi wa maagizo na ripoti kana kwamba ni njia ya kuvunia alama tu. Tunasahihisha upatanisho wa ngeli, tukaipita sentensi isiyosema nani afanye nini, na lini.

Niliwahi kuwataka wanafunzi wangu waandike taarifa ya kumwachia mwenzao anayeingia zamu. Wengi waliandika: "Mtambo umeshughulikiwa." Umeshughulikiwa na nani? Umepona au haujapona? Niliwarudishia waandike upya. Mmoja akanyoosha mkono, akauliza kama jambo hilo litatahiniwa.