Taa ya hadubini nayo ikaguliwe
Mgonjwa wa kifua kikuu, awe Nakuru mjini, Gilgil au Molo, hupimwa makohozi tena akiendelea na matibabu, ili ijulikane kama dawa zinafanya kazi. Makohozi yakitiwa rangi ya kung'aa, viini huonekana kwa nguvu ya taa ya hadubini. Taa ikififia, viini vichache huenda visionekane, na mgonjwa akaambiwa yu nafuu ilhali angali nao.

Mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza taa za LED, ambazo hudumu kuliko zile za zebaki. Lakini hata hizo huchakaa. Maoni yangu ni kwamba nguvu ya taa ipimwe kwa kifaa na kuandikwa daftarini. Mizani ya muuza nyama hukaguliwa na serikali. Mbona taa inayoamua uhai wetu isikaguliwe?