Aisha, Liongo na Al-Akida: Nani Alisema Shujaa Lazima Apendeze?

BARAZANI
Na Mwanakombo Athmani

Riwaya nyingi hufungwa kabla hazijafika katikati kwa sababu moja tu: shujaa hapendezi. Ana kiburi, hasikii la mkubwa wala la mdogo, na akifungua kinywa hutoa maneno ya kuchoma. Msomaji humpa kisogo, kitabu kikarudi rafuni. Ni haki yake, lakini anajikosesha mengi, na kwa msomaji wa Mombasa hasara ni kubwa zaidi, maana riwaya ya kiajabu iliyotoka kisiwani humu ikasifiwa ng'ambo imemweka mbele msichana wa namna hiyo hasa.

Riwaya hiyo ni The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa mwenye asili ya Hadhramaut. Ameiandika kwa Kiingereza. Mswada wake ulishinda mwaka 2018 tuzo ya kwanza ya Graywolf kwa waandishi wa Afrika, kitabu kikatoka 2021, na mwaka uliofuata kikawa cha kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Ursula K. Le Guin, yenye dola 25,000.

Aisha ni binti wa mvuvi. Baba yake, Ali, anapotea baharini, naye anapanda chombo cha mifupa kwenda kumtafuta, akiongozwa na paka wa mwanachuoni, paka anayesema. Anapambana na mazimwi ya bahari, mwishowe anasimama uso kwa uso na Baba wa Papa, mkuu wa papa wote, na anarudi na mzazi wake hai. Mpaka hapo hakuna asiyekuwa upande wake. Kazi inaanza akishafika nyumbani. Ingekuwa hadithi ya kawaida, binti angeshukuru, angetulia, angemsikiliza Hababa Swafiya, nyanya yake. Aisha hatulii. Ana siri zake, ana hasira zake, na mapenzi ya nyanya yanamwelemea. Kunguru na mbuzi nao wana neno la kusema juu yake. Msomaji aliyempenda juu ya maji sasa anamwona mkaidi asiye na fadhila.

Lakini pwani hii lini ilidai shujaa apendeze?

Mtazame Fumo Liongo, aliyetungiwa utendi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Sultani wa Pate anamwogopa na kumtia gerezani. Kila siku mjakazi Saada anampelekea chakula, na kila siku walinzi wanakinyang'anya na kukila wenyewe. Basi mama mtu anaoka mkate wa wishwa, makapi matupu, na kutia tupa ndani. Walinzi wanaudharau, unapita. Nje ngoma ya gungu inapigwa kama alivyoomba Liongo mwenyewe, na humo katika kelele anakereza minyororo. Ni kisa kitamu mno, na utamu huo hutusahaulisha kumwuliza Liongo lolote. Saada alihatarisha roho yake mara ngapi, na alipata nini? Kisha shujaa anamwambia mwanawe siri ya mauti yake, kwamba ni sindano ya shaba kitovuni, ilhali ameshatambua kwamba kijana amenunuliwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa sultani. Hiyo ni imani ya baba au ni kiburi cha mtu asiyeamini kwamba anaweza kufa? Utendi hautujibu. Karne zimepita tangu Liongo asimuliwe, na swali bado ni letu.

Mombasa yenyewe ina mfano mchungu zaidi. Muhammad bin Abdallah Bakhashweini, Al-Akida, alikuwa mkuu wa askari wa Fort Jesus. Januari 1875 alijifungia ngomeni na watu wake, akamwasi Sayyid Barghash wa Zanzibar, na mizinga iliyopaswa kuulinda mji ikaugeukia mji. Tarehe 18 mwezi huo manowari mbili za Waingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga ngome mpaka akasalimu amri. Watu wa Mji wa Kale walikuwa katikati ya moto wa pande mbili.

Mtu huyo alitungiwa utenzi, tena na Abdallah bin Masud Mazrui, wa ukoo ulioitawala Mombasa mpaka Mabusaidi, ukoo wa Barghash, walipouondoa mwaka 1837. Na aliyeuhifadhi ni Sir Mbarak Ali Hinawy, liwali aliyeiwakilisha dola ileile ya Zanzibar ambayo Al-Akida aliiasi. Alichapisha kitabu chake juu ya mtu huyo mwaka 1950. Wote wawili walikuwa na sababu za kutosha za kumnyamazia. Hawakumnyamazia, kwa kuwa walijua mji hauwezi kujielewa kwa kuwakumbuka wema peke yao.

Tabia ya kudai shujaa safi huenda tuliipata darasani, tulikofundishwa kuorodhesha sifa njema za mhusika mkuu. Hata Shaaban Robert hakutaka mambo rahisi hivyo. Katika Adili na Nduguze, mtu mwenye jina la uadilifu ndiye anayeonekana usiku akiwachapa manyani wawili wanaolia, na mjumbe Ikbali anayeshuhudia anabaki na shaka mpaka aelezwe kisa chote.

Kuna mpaka, hata hivyo. Mmarekani Stephen R. Donaldson alianza mwaka 1977 mfululizo wa riwaya za kiajabu ambazo shujaa wake, Thomas Covenant, mgonjwa wa ukoma, anamnajisi msichana aliyemsaidia. Wapo waliofunga kitabu ukurasa ule, na hakuna wa kuwalaumu. Donaldson, mtoto wa daktari aliyetibu wakoma India, hakulifuta kosa lile. Linaifuata familia ya msichana kitabu baada ya kitabu. Hilo ndilo la kupimia mwandishi: je, anamwachia shujaa wake apite bila kuulizwa?

Sasa mrudishe Aisha kwenye mizani. Hakuelekeza mzinga kwa jirani, hakumdhulumu mtu. Kosa lake ni kwamba aliyaona ya bahari na hawezi tena kujifanya hakuyaona. Tunaomsamehe Liongo kiburi na Al-Akida mizinga tunamnunia binti wa mvuvi kwa kutokutulia, na hapo anayepaswa kuhojiwa ni sisi. Riwaya yake inastahili tafsiri ya Kiswahili, ifike shule za kisiwani na isomwe mwaka mmoja na utenzi wa Al-Akida, ili wasichana wa Kibokoni na wavulana wa Makadara wabishane nani kati ya wawili hao aliyeitia Mombasa hasara.