Historia si bahati nasibu

Katika shule za Marekani umeenea mtindo wa kurudia masomo ya historia kwa mchezo wa bingo. Kila mwanafunzi hupewa kadi yenye miraba 25, na ndani yake huwamo majina ya watu, miji na matukio ya miaka kumi fulani, tuseme 1960 hadi 1969. Mwalimu huchota karatasi na kusoma maelezo mafupi; mwenye jina linalohusika huliwekea alama. Anayetangulia kupata alama tano katika mstari mmoja hupaza sauti, "Bingo!", na kupewa zawadi.

Wanaoutetea mtindo huu hawakosi hoja. Watoto huchangamka, aliyezoea kusinzia hukaa macho, na jina linalotajwa mara kwa mara hukaa kichwani. Yote hayo ni kweli. Mwalimu mwenye darasa kubwa na mtihani ulio mlangoni hastahili kubezwa anapotafuta njia ya kuwaamsha wanafunzi wake. Lakini kufurahi ni jambo moja, na kuelimika ni jambo jingine.

Ni dhahiri kwamba bingo ni mchezo wa kubahatisha. Kati ya wanafunzi wawili wanaojua sawasawa, mmoja hupata zawadi na mwingine huondoka mikono mitupu, kwa sababu tu ya jinsi majina yalivyopangwa kwenye kadi zao. Hivyo mtoto hufundishwa kimyakimya kwamba historia ni mambo yaliyochotwa ovyo kutoka kofiani, na kwamba aliyeshinda ameshinda kwa nyota yake. Hilo ni fundisho la hatari kwa mtu anayeandaliwa kuwa raia.

Utazamwe mfano wa Memphis. Mwalimu anasoma: mji alikouawa Martin Luther King, 4 Aprili 1968. Mtoto anaweka alama, na kazi imekwisha. Lakini King alifuata nini Memphis? Alikwenda kuwaunga mkono wazoa taka Weusi wapatao 1,300, waliogoma Februari mwaka huo baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa gari la taka. Tena, mwaka mmoja kamili kabla ya kifo chake, 4 Aprili 1967, alisimama katika kanisa la Riverside mjini New York akavilaani vita vya Vietnam, akieleza kwamba vita hivyo vilimeza mali iliyopaswa kuwaondolea maskini dhiki. Kwenye kadi, Memphis na Vietnam ni miraba miwili isiyojuana. Katika maisha ya King yalikuwa mapambano yale yale: ujira, rangi na vita.

Ubaya mkubwa zaidi umo katikati ya kadi. Kwa desturi mraba wa katikati ni wa bure. Kila mchezaji huupata bila jasho. Historia haina mraba wa bure. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, iliyotiwa sahihi 6 Agosti 1965, haikudondoka kutoka mbinguni. Februari mwaka huo Jimmie Lee Jackson, kijana Mweusi wa Alabama, alipigwa risasi na askari, akafa. Tarehe 7 Machi waandamanaji walipigwa marungu na kurushiwa mabomu ya machozi darajani Selma. Ndipo sheria ikapatikana. Asiyejua gharama hiyo atadhani haki hugawiwa kama peremende, na siku itakapoporwa hatajua thamani ya alichopokonywa.

Kadi hizo leo hutengenezwa kwa kompyuta na kuchapwa popote, kwa hiyo hoja hii haiko mbali na mwalimu wa Tanzania. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliikosoa mitihani inayopima uwezo wa kukariri kuliko uwezo wa kufikiri. Kukariri kwa hofu ya fimbo na kukariri kwa tamaa ya peremende ni kukariri kule kule. Mtoto anayeijua TAZARA kwa jina tu, asijue kwamba Zambia, nchi isiyo na pwani, ilihitaji njia ya kuikwepa Rhodesia ya walowezi waliojitangazia uhuru mwaka 1965, bado hajaijua reli hiyo.

Je, mchezo upigwe marufuku? La. Kanuni zake ndizo zibadilishwe. Anayepaza sauti "Bingo!" asipewe zawadi papo hapo. Asimame aeleze jinsi majina matano ya mstari wake yanavyohusiana: lipi lilizaa lipi, nani alinufaika na nani aliumia. Wenzake wawe huru kumpinga. Akishindwa, mchezo uendelee. Na mraba wa katikati, badala ya kuwa wa bure, uandikwe: "Kwa nini?" Hapo bahati itampa mtoto nafasi ya kusema, lakini ushindi atautafuta kwa akili yake.

Hapana budi wakaguzi na walimu wakuu nao waache kuzihesabu kelele za furaha kuwa ushahidi wa kufahamu. Wamwulize mtoto swali moja la sababu. Jibu lake litaonyesha kama darasani mlikuwa na somo au mlikuwa na bahati nasibu.