Jicho la Nani?
Na Mzee wa Benchi

Jumamosi asubuhi Mzee wa Benchi alikuwa kwa kinyozi jijini Columbus, Ohio, shuka shingoni, uchungu wa wiki ulipomkuta. "Kocha mkuu ana jicho," kinyozi, Mkenya wa Kisumu, alisema huku mashine ikinguruma sikioni. "Akimwona kijana, amemwona." Kiti cha pili kikaitikia: jicho, jicho kweli!

Jicho gani? Wasomaji wa safu hii wanajua Mzee hanyamazi benchi likitukanwa. Kikosi cha chuo kikuu katika mpira wa Kimarekani kinaweza kuwa na vijana mia na ushei. Kocha mkuu ana wafadhili wa kuwachekea na kamera za kuzijibu. Anayekwenda kuketi sebuleni kwa mama wa mchezaji, akasifia chakula, ni msaidizi. Ndiye pia anayeshinda na kijana mazoezini, na vikaoni ndiye wakili wake.

Mzee akatoa mfano. Kosa! Alimtaja Tom Brady wa Michigan.

Mashine ikazimwa. Katika mji huo, wiki ya mechi na mahasimu wao Michigan, herufi M kwenye vibao vya chuo cha hapo huzibwa kwa utepe mwekundu. Lakini nusu ya kichwa ilikuwa bado haijanyolewa, basi Mzee akaendelea. Aliyemfuatilia Brady kule California na kumpigia debe alikuwa Bill Harris, kocha msaidizi. Mwaka 1995, kijana hajafika hata chuoni, Harris akahamia Stanford. Kocha mkuu, Gary Moeller, naye akaondoka. Brady akajikuta wa saba kwenye foleni ya makwotabeki, mtoto wa kambo asiye na mtu wa kumsemea. Hakuanza mechi hadi 1998. Mwaka 2000 aliingia NFL akiwa chaguo la 199, kisha akabeba Super Bowl saba.

"Basi kocha aliyemrithi hakuwa na jicho," kinyozi akanuna.

Macho alikuwa nayo. Mnong'ono wa kumwelekeza ndio uliohamia Stanford. Na kweli, wapo wasaidizi wanaomkingia kifua kijana waliyemleta wenyewe hata akidondosha kila mpira, ila hao wana safu yao siku nyingine.

Kisogo kilimaliziwa na kijana anayejifunza kazi, taratibu, ulimi nje. Bosi akanyoosha mkono kupokea hela ya chai. Mzee akaipitisha kwa kijana. Hadi leo bosi haitikii salamu, na haijulikani kama ni kwa ajili ya hela au ile herufi.