Shaba ya Katanga na njia ya kwenda baharini

Tukikaa kuongea habari za nyumbani, sentensi ya kwanza huwa ileile: Kongo ni tajiri. Halafu mtu anauliza, sasa mbona sisi tuko hapa? Wengine wanajibu eti ni laana ya madini. Sisi neno hilo laana hatulikubali, maana ukishalisema unaacha kufikiri. Utajiri na nguvu ni vitu viwili. Tuangalie Katanga, pale inaonekana wazi.

Katanga ina shaba, na watu wake waliiyeyusha karne nyingi kabla ya mzungu kufika. Lakini bahari iko mbali, mashariki mbali, magharibi mbali. Kwa hiyo swali la Katanga siku zote ni moja: nani ameshika njia?

M'siri alilielewa swali hilo. Na huyu hakuwa mzaliwa wa Katanga, alitoka upande huu wa ziwa, Unyamwezini, si mbali sana na hapa Kigoma tulipo. Alifika katikati ya karne ya 19 akifuata biashara ya shaba, akajenga mji wake Bunkeya. Chukua ramani uone werevu wake. Misafara ya Angola ilimfikia kutoka magharibi, ya Waswahili na Waarabu kutoka mashariki. Zilitoka shaba, chumvi, pembe za ndovu na, tuseme bila kuficha, watumwa. Ziliingia bunduki na baruti. Mlango mmoja ukifungwa, wa pili upo.

Lakini alitawala kwa mabavu, na mwaka 1891 Wasanga walimwasi. Mwaka huohuo ukafika msafara wa Stairs, uliotumwa kwa faida ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Tarehe 20 Desemba M'siri alipigwa risasi. Bunkeya haikusogea hata hatua moja siku ile, bado ilikuwa katikati ya njia mbili. Ila mwenye mji alikuwa ameshagombana na watu wake, na wageni waliikuta nyumba imepasuka.

Wabelgiji nao walikutana na swali lilelile. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na reli ikafika Lubumbashi mwaka 1910, lakini ilitokea kusini, kwenye makoloni ya Mwingereza. Wakaona hapana. Wakajenga reli nyingine hadi Ilebo, ikamalizika 1928. Shaba ikawa inapanda treni, inashuka, inapanda boti mpaka Kinshasa, inashuka, inapanda treni tena mpaka Matadi. Mfanyabiashara wa kawaida angecheka! Lakini serikali inayotaka nguvu inakubali kulipia njia ndefu ili isimwombe jirani ruhusa.

Sasa 1960. Siku 11 tu baada ya uhuru, Tshombe akatangaza Katanga ni nchi. Kodi za Union Minière zikaenda kwake, na Ubelgiji ikamsaidia. Lumumba aliuawa hukohuko Katanga, Januari 1961. "Nchi" hiyo ilikwisha Januari 1963, na haikuwa imetambuliwa na taifa lolote. Shaba walikuwa nayo, pesa walikuwa nazo, hata askari wa kukodi.

Tunaandika haya kwa sababu maneno ya "jimbo letu kwanza" tunayasikia hapa kambini, hata kwenye foleni ya maji. Mwaka 1992 na 1993 maneno kama hayo yaliwafukuza Katanga maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapohapo, watoto wa waliokuja kuchimba. Kwani Katanga ilipata nguvu gani kwa kuwafukuza mafundi wake?

Leo njia zinagombaniwa tena. Reli ya kwenda Lobito, iliyoungana na Katanga mwaka 1931 ikaja kukatwa na vita vya Angola, inatiwa fedha za Marekani na Ulaya. Mashariki kuna TAZARA, waliyoijenga Wachina miaka ya 1970, na Wachina wanataka kuifufua. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Yaani milango miwili imerudi, kama enzi za M'siri, na wanaoitaka ni wakubwa kuliko Leopold.

Ndugu zetu wa mashirika, mafunzo ya sabuni na cherehani tunayashukuru, yanalisha nyumba. Lakini kuna wenzetu wanamaliza sekondari bila kuwahi kusoma mkataba wa ukurasa mmoja, wala kujua ushuru wa mpakani unahesabiwaje. Siku ya kukaa mezani kubishania nauli ya tani moja ya shaba, nani atakaa upande wetu? Tunaomba darasa moja la ramani, ushuru na mikataba, hata la jioni. Chumba kipo, ubao upo, na sisi wa kufagia tupo.