Kucheza au Kupiga? Maoni Kuhusu Ufundishaji wa Vifungu vya Kifaransa vya Muziki

Mwalimu anapoandika ubaoni neno la Kifaransa na neno la Kiswahili, kisha akaweka alama ya sawasawa katikati yake, huwa anawaahidi wanafunzi jambo ambalo lugha zenyewe hazikuliahidi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha hatari ya alama hiyo kwa mfano mmoja mdogo: vifungu vya kila siku vinavyohusu kupiga muziki. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mada hii hupendwa na watoto, na pia kwa sababu sisi wenyewe tulijikwaa hapo.

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tungali walimu wa darasa, tuliandika ubaoni kwamba “jouer” ni kucheza. Juma lililotangulia tulikuwa tumefundisha “jouer au football”, na neno hilo lilikuwa limetutumikia vizuri. Basi tukatoa sentensi mpya: “Mon père joue du tambour.” Darasa zima likafasiri, “Baba yangu anacheza ngoma.” Tukaweka alama ya vema katika kila daftari. Mtoto mmoja, ambaye baba yake alifahamika mtaani kwa kupiga ngoma harusini, akaja mezani na daftari lake. Akasema, “Mwalimu, baba hachezi. Baba anapiga. Wanaocheza ni watu wengine.” Tukamjibu kwamba ndivyo Kifaransa kisemavyo, naye akarudi kukaa.

Jibu lile halikuwa la kweli. Kifaransa hakikusema hivyo. Alama yetu ya sawasawa ndiyo iliyosema. Tena kosa la msamiati hufutika kwa kifutio, lakini mtoto yule alirudi kwenye dawati lake akiwa amefundishwa kwamba anachokijua kwa hakika kuhusu baba yake, na kuhusu lugha yake, hakina uzito mbele ya lugha ya kigeni. Hilo ndilo linalotufanya tuandike.

Tuanze na lugha yetu. Mswahili hachezi gitaa, hulipiga. Hupiga ngoma, kinanda, zeze na marimba, filimbi na zumari huzipiga au huzipuliza, manyanga huyatikisa. Kucheza ngoma ni kazi nyingine kabisa: ni kazi ya miguu, mabega na kiuno. Isitoshe, neno ngoma lenyewe limebeba mizigo mitatu, yaani chombo kinachopigwa, mchezo unaochezwa, na hata shughuli nzima watu wanapokusanyika. Kifaransa huigawa mizigo hiyo: chombo ni “tambour”, na mchezo ni “danse”.

Kifaransa nacho kina upambanuzi wake, ila kimeuweka mahali pengine. Kitenzi “jouer” hubaki kilekile kwa mpira na kwa gitaa. Kinachobadilika ni kineno kidogo kinachokifuata. Mchezo huvutia “à”: “jouer au football”, “jouer aux cartes”. Ala ya muziki huvutia “de”: “jouer du tambour”, “jouer de la guitare”, “jouer de l’harmonica”. Kwa hiyo pale ambapo Kiswahili hubadili kitenzi, Kifaransa hubadili kiungo. Mwanafunzi aliyekariri “jouer” peke yake hajapata hata nusu ya jambo, kwani maana imo katika kifungu kizima.

Je, mtoto atawezaje kujua lini aseme “du”, lini “de la” na lini “de l’”? Hapa wanachuo wengi hukimbilia jedwali la kanuni. Tungependa wakumbuke kwamba watoto wetu wamekwisha kufanya kazi ngumu zaidi ya hiyo. Husema gitaa la baba, ngoma ya baba, kinanda cha baba, wala hawakufundishwa ngeli ubaoni kabla ya kuanza kusema. Walisikia maneno hayo yakitembea pamoja mara nyingi, mpaka “gitaa ya” ikawakwaruza masikioni. “De la guitare” nayo haina budi kuingia kwa mlango huohuo wa sikio.

Hivyo tunapendekeza utaratibu ufuatao. Mwalimu aingie darasani na ala, aiache chaki mezani. Apige ngoma na kusema, “Je joue du tambour.” Aipumzishe ngoma, acheze hatua mbili na kusema, “Je danse.” Auteke mpira kwa mguu na kusema, “Je joue au football.” Matendo matatu, sentensi tatu, wala hakuna tafsiri hata moja. Kisha amkabidhi ala mwanafunzi na kumwuliza, “Tu joues de quel instrument?” Swali na jibu vizunguke darasani pamoja na ala.

Hatua ya pili ni kulifanya darasa kuwa kundi la wanamuziki lililo katika mazoezi. Hapo ndipo vifungu vya kila siku hupata kazi halisi: “On commence?” “Ensemble!” “Plus fort!” “Moins vite!” “Encore une fois!” “À toi!” Vifungu hivi vina faida ambayo jaribio la kuandika halina. Mwanafunzi asiyeelewa “moins vite” huonekana papo hapo mkononi mwake, naye hujirekebisha kwa kuwasikiliza wenzake kabla mwalimu hajanena neno. Baada ya siku chache kiongozi wa kundi awe mwanafunzi, na mwalimu awe mpigaji mmojawapo.

Kuandika kuje mwisho, na tafsiri ije baada ya kuandika. Mwalimu awaulize wanafunzi, “Sisi tungesemaje?” Watajibu wenyewe kwamba huyu anapiga, yule anacheza. Laiti tungaliuliza hivyo siku ile, mtoto wa mpiga ngoma angalikuwa mwalimu wa darasa zima.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Wako watakaosema kwamba shule haina ala. Makopo yatakuwa ngoma, chupa yenye kokoto itakuwa manyanga, na kisanduku chenye nyuzi kitakuwa gitaa. Mwanachuo aliyefuzu somo la ufaraguzi wa zana hawezi kushindwa hapo. Wengine watasema kwamba darasa la wanafunzi sitini litawasumbua majirani. Basi somo lifanyike chini ya mwembe, au ala zipigwe kwa ncha za vidole. “Moins fort” nayo ni kifungu cha kujifunza. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mtihani hudai maneno na tafsiri zake. Ni kweli, lakini mtihani hudai tafsiri sahihi, na ile yetu haikuwa sahihi.

Tena mfano usitafutwe mbali. Bendi ya Les Wanyika, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki ambao wengi wao walitoka Tanzania, ilichukua “les” ya Kifaransa na kuiweka mbele ya “wa-” ya Kiswahili. Jina hilo moja hufundisha wingi wa lugha zote mbili, na humpa mwalimu nafasi ya kueleza kwamba Mfaransa angeiacha “s” ya “les” kimya mbele ya neno hilo. Wanaofundisha kwaya nao wajihadhari: Mfaransa huhesabu do, ré, mi, fa, sol, la, si, na “do” yake haihami. “Do” ya kwaya zetu huhama kufuata ufunguo wa wimbo, na noti ya saba huitwa “ti”.

Na kwa jirani zetu wa Burundi, ambako Kifaransa ni mojawapo ya lugha rasmi, wapiga ngoma huitwa kwa Kifaransa “tambourinaires”. Ngoma yao iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, na jina lake la Kifaransa lina “danse” na “tambour” kwa pamoja. Watu wale hupiga na kucheza kwa zamu, na huyohuyo aliye katikati huweza kufanya yote mawili. Kuwaeleza kwahitaji vitenzi viwili, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa vilevile. Na mtoto aliyekariri kimoja hatayaona yote yatendekayo mbele yake.

Mwalimu mtarajiwa, utakapoandaa andalio la somo lako la kwanza la Kifaransa, usilibebeshe maneno mapweke. Libebeshe vifungu vizima, na kila kifungu kiwe na tendo lake. Na mtoto atakapokuja mezani kwako na daftari mkononi kukuambia kwamba baba hachezi bali anapiga, usimrudishe kukaa. Mpe ngoma.