Viti vya Vyombo vya Majini Havitaki Sponji ya Godoro

Mwenye chombo aonapo viti vyake vimetatuka, aghalabu hapeleki fikira mbali: hutuma mtu dukani, pale Ngara mjini au Biharamulo, akanunue godoro la inchi nne, nalo likakatwa vipande kwa kisu, likavikwa leza na kupigiliwa misumari juu ya ubao, na kwa muda wa mwezi mmoja au miwili abiria husifu, maana wamepata raha. Mimi nadai kwamba raha hiyo ni ghali kuliko idhaniwavyo, na kwamba fedha itumikayo hivyo, iwe ya mtu binafsi au ya umma, imetupwa majini.

Sponji ya godoro, ambayo kemia yake ilianzia kwa Otto Bayer na wenzake huko Ujerumani katika mwaka wa 1937, imejaa vijitundu visivyo na idadi vilivyofunguliana, na ndiyo sababu hewa hupita ndani yake na mwenye kulala asione joto. Lakini maji nayo hupita papo hapo. Leza haiyazuii, kwani kila tundu la sindano katika mshono ni mlango, na maji yakiisha kuingia hayana pa kutokea, maadamu leza hiyo hiyo huyafungia. Basi ukungu huota, misumari hushika kutu, ubao wa chini huoza, na uzi wa pamba, ambao fundi aliuchagua kwa kuwa ni rahisi, hukatika kabla ya yote. Wazee wa pwani waliojaza mito yao sufi walijua kuianika juani. Mto uliopigiliwa misumari hauanikiki.

Iko sponji ya namna nyingine, ambayo vijitundu vyake vimefumbwa kila kimoja peke yake, hata ikitumbukizwa hainywi maji. Ni ngumu kidogo kuikalia, kwa hiyo fundi hodari huiweka chini na kuitandikia juu tabaka jembamba la ile laini, akashona kwa uzi wa poliesta, ambao hustahimili jua kupita nailoni, na upande wa chini akaacha kitambaa cha wavu ili maji yachuruzike. Nitaambiwa kwamba vitu hivyo ni ghali na havilali madukani kwetu. Na viagizwe Mwanza, kwani kushona kiti kimoja mara tatu si uchumi.

Hata hivyo si kila chombo kinastahili mto. Abiria wa kivuko cha Ruvuvu, wilayani Ngara, hukaa majini dakika chache tu, na wengi wao wamesimama kando ya baiskeli na mizigo yao. Sioni haja ya kuwatandikia. Ama watu wa Biharamulo, ambao kabla ya Chato kufanywa wilaya walikuwa na bandari yao wenyewe ya Nyamirembe, wao wakisafiri ziwani hukaa saa nyingi, na mwenye kutoka Bukoba kwenda Mwanza kwa meli hukesha usiku kucha. Huko kiti chema ni haki ya aliyelipa nauli.

Jambo moja linaniudhi kuliko yote: katika mitumbwi na boti ambako viti ni vigumu, abiria huchukua majaketi ya kuokolea maisha, wakayakalia. Jaketi likikaliwa siku nenda siku rudi sponji yake hubanwa na kupungua nguvu ya kuelea, na aliyelikalia ndiye atakayelihitaji siku ya dhoruba. Nahodha awaruhusuo kufanya hivyo hastahili kupewa chombo.

Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi wa halmashauri zetu mbili, Ngara na Biharamulo, na kila mwenye boti aliye na karani wa kumwandikia, kwamba watakapotangaza zabuni ya viti wasiandike unene wa sponji tu, kama wafanyavyo wauza magodoro, bali waandike ni ya namna gani, uzito wake ni kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo, uzi ni wa nini, na kwamba kila mto uweze kufunguliwa na kuanikwa. Mafundi wa kushona viti vya mabasi tunao Nyakanazi na Lusahunga, na kazi hii haiwashindi wakiisha kupewa masharti na malipo yake. Masharti hayo yasipoandikwa, ni heri abiria wakalie ubao mtupu uliopigwa randa.